Viatu vya sherehe kwa mwenye miguu inayouma: kuanzia kipande cha boksi hadi saa ya zawadi

Ukitaka kujua nani anateswa na viatu, usitazame watu wakiingia ukumbini. Kuingia kila mtu anaingia vizuri. Subiri saa nne na nusu usiku, MC anapoita akina shangazi walete zawadi, kisha inama kidogo utazame chini ya meza. Utaona miguu inapapasa sakafu, inatafuta viatu vilivyovuliwa tangu wakati wa keki. Mmoja kapata cha kulia, cha kushoto kimesukumwa hadi meza ya jirani. Mwingine kiatu kakiona, lakini mguu umeshavimba na hauingii. Mwisho anainuka hivyohivyo, kisigino kimekanyaga ukingo wa nyuma, bahasha mkononi, anauanza mduara huku anachechemea na kuichekea kamera.

Nimekuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Nina nundu pembeni mwa kidole gumba cha mguu wa kulia, nina kisigino kinachoniuma asubuhi, na nina ukoo wenye mabinti wengi. Hapa Moshi maana yake inajulikana: kicheni pati, sendofu, harusi, ubatizo, kipaimara, halafu Desemba watu wakipanda nyumbani kutoka Dar unaweza kujikuta na sherehe tatu ndani ya wiki moja. Zamani nilikuwa nanunua kiatu cha saa ya kuingia. Siku hizi nanunua kiatu cha saa ya zawadi, na karibu kila kitu nitakachokuambia hapa kinatoka kwenye badiliko hilo.

Hatua ya kwanza: jua kinachouma, na kinauma wapi

“Miguu inaniuma” ni maneno ambayo muuza viatu hawezi kuyafanyia kazi, na wewe pia huwezi. Kaa kitandani mchana kweupe, shika mguu mmoja mmoja, bonyeza kuanzia kisigino hadi ncha za vidole. Tazama na viatu vyako vya zamani: vimetanuka wapi, vimelika upande gani. Kiatu cha zamani kina kumbukumbu kuliko wewe.

Kama mfupa umetokeza pembeni mwa kidole gumba na kidole kinawalalia wenzake, hiyo ni nundu kama yangu. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo; mama anayo, bibi alikuwa nayo, na bibi hakuwahi kuvaa mchuchumio maisha yake yote. Lakini kiatu chembamba kinaisugua na kuichochea. Unahitaji kiatu kipana mbele, chenye ngozi laini, na muhimu kuliko yote, kisicho na mshono wala ukanda unaopita juu ya nundu yenyewe. Mshono wa nusu sentimita ukikaa mahali pabaya unaharibu usiku mzima.

Kama kisigino kinakuchoma hatua za kwanza asubuhi, kisha kinapoa ukishazunguka zunguka, kinacholalamika ni ule utando mgumu wa chini ya unyayo, unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Hapa watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea vilevile. Tunakimbilia simpo bapa kabisa, zile nyembamba kama chapati, tukidhani kiatu kisicho na kisigino ndicho dawa. Utando ule haupendi kuvutwa, na ubapa unauvuta. Kisigino kidogo cha sentimita 2 au 3, chenye kitu laini ndani, hakiumizi kama simpo hizo.

Kinyume chake ni maumivu ya mbele, chini ya vidole, kama unakanyaga kokoto. Kadiri kisigino kinavyopanda ndivyo uzito wako unavyoteremkia mbele. Kwako wewe sentimita 3 ni mwisho, na soli ya mbele iwe nene.

Miguu inayovimba jioni, yote miwili, ni ya wajawazito, ya wanaosimama kutwa, na ya wengi wetu tunaotumia dawa za presha. Amlodipini, mojawapo ya dawa hizo, inajulikana kwa kuvimbisha vifundo. Tafuta kiatu chenye mkanda unaoweza kulegezwa tundu moja au mawili usiku ukiendelea. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla, kigimbi kinauma na kina joto, hapo hatuzungumzii viatu tena. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Gauti nayo: kidole gumba kinawaka usiku, hata shuka likikigusa unaruka. Hakuna kiatu cha sherehe kinachofaa kidole kilichoamka. Vaa sendo pana, kaa kwenye kiti chako, mtume mtoto apeleke bahasha. Na ukumbuke kwamba bia, mbege (pombe yetu ya ndizi), maini na nyama ya kuchoma ndivyo vinavyokichokoza kidole hicho, kwa hiyo sherehe zetu zinakupiga juu na chini.

Mwenye kisukari asome hapa kwanza

Shangazi yangu alicheza sendofu nzima na viatu vipya, na kila nikimuuliza ananijibu, “Hiki kiatu kizuri mwanangu, hakiumi hata kidogo.” Kesho yake asubuhi aliona damu kwenye shuka. Tulipokikung’uta kiatu ikadondoka lulu ya plastiki, zile zinazoshonwa kwenye magauni, ndogo kama punje ya mahindi. Aliikanyaga tangu kuingia ukumbini hadi kufunga muziki. Kidonda kilimchukua zaidi ya miezi miwili.

Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuua hisia za miguuni, na mtu asiyehisi anakisifia kiatu kinachomuumiza. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mwombe mtu wa nyumbani akupime hivi. Fumba macho. Yeye aguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu bila kubonyeza, sekunde moja au mbili tu, ncha ya kidole gumba, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Jumla sehemu sita. Kila ukihisi, sema. Zikikupita mbili au zaidi, chukua kwamba hisia zimepungua na uonwe kliniki ya kisukari kabla ya sherehe.

Kama hisia zimepungua, usinunue kiatu kwa kuuliza “kinauma?” Nunua kwa vipimo na kwa macho. Kiwe kimefungwa mbele, kisiwe na ukanda wa kupita katikati ya vidole, na ndani kusiwe na kitu kilichotokeza. Kila unapokivaa, kikung’ute, kisha ingiza mkono ndani upapase hadi mwisho. Usikivue chini ya meza ukaweka mguu sakafuni, kwa sababu ukumbi wa sherehe una pini, vijiti vya kuchokolea meno na vipande vya glasi. Usikate sugu kwa wembe ili mguu uingie vizuri. Usibandike zile plasta za dawa ya kuondoa sugu, kwani zina asidi inayokula ngozi, nzima na mbovu kwa pamoja. Na usiku ukirudi usiiloweke miguu kwenye maji ya moto, maana joto nalo hutalisikia.

Mwenye kidonda kilicho wazi hachagui kiatu cha sherehe. Anatibiwa kwanza.

Kwa wakazi wa huku tuna bahati moja ambayo mikoa mingi haina. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna karakana ya vifaa vya mifupa, na tangu 1981 kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Mguu uliopinda, uliokatwa vidole au wenye historia ya vidonda unahitaji soli ya ndani iliyopimwa na watu kama hao. Ukishapewa soli yako, nenda nayo dukani: kiatu ambacho soli hiyo haiingii, kiache.

Hatua ya pili: kata boksi

Hili ndilo jambo moja ambalo ningeomba ulifanye hata kama mengine yote utayaruka. Tafuta kipande cha boksi, la biskuti au la sabuni. Subiri jioni, baada ya shughuli za kutwa, mguu ukiwa mkubwa kuliko ulivyokuwa asubuhi. Vaa soksi utakayovaa siku yenyewe. Simama wima, uzito wote umeukalia mguu, na mtu mwingine ndiye achore. Ukichora mwenyewe utainama, uzito utahama na mchoro utadanganya. Kalamu ishikwe wima kabisa. Chora miguu yote miwili, kata kwa mkasi, kisha ulaze mchoro mmoja juu ya mwingine.

Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa. Wangu wa kulia una sentimita 24.6, wa kushoto 24.1. Kiatu kinanunuliwa kwa mguu mkubwa, na ule mdogo unawekewa soli ya ndani.

Sasa namba. Namba za Ulaya, hizi za 38, 39, 40, kila moja inapanda kwa theluthi mbili za sentimita, na zinahesabu urefu wa lile umbo la mguu ambalo kiatu kimefinyangiwa, pamoja na nafasi ya mbele. Zidisha 39 kwa theluthi mbili utapata sentimita 26. Namba 38 ni sentimita 25.3. Vidole vinataka nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 mbele yao, karibu upana wa dole gumba la mkono. Mguu wangu wa 24.6 ndani ya 38 unabakiwa na milimita 7. Nilivaa 38 tangu nikiwa chuoni, kwa sababu ndiyo niliyomwambia muuzaji wa kwanza na sikuwahi kuuliza tena. Miguu inapanuka na umri, na uzazi, na kilo. Namba za Kiingereza, 5, 6, 7, zenyewe zinapanda kwa theluthi ya inchi, kama milimita 8 na nusu, ndiyo maana hazilingani sawasawa na za Ulaya hata muuzaji akikuonyesha jedwali.

Na hakuna hata moja kati ya namba hizo inayokuambia upana. Boksi linakuambia. Ukifika dukani, toa soli ya ndani ya kiatu kama inatoka, iweke juu ya boksi lako. Boksi likichomoza pembeni, nyama yako itachomoza hivyohivyo. Soli isipotoka, weka kiatu chenyewe juu ya boksi na utazame. Muuzaji atacheka. Mwache acheke. Boksi hilohilo unaweza kumpa binti yako akununulie Kariakoo, au ukalipiga picha likiwa na rula ukamtumia mtu anayeuza viatu mtandaoni, na hutarudishiana mzigo mara tatu.

Hatua ya tatu: isome kadi ya mwaliko

Kadi inasema saa 12 jioni. Tunajuana, bibi harusi ataingia saa 2 na nusu. Kuanzia hapo hesabu, siyo saa za sherehe, bali saa za kusimama. Mgeni wa kawaida anasimama kidogo. Ukiwa mzazi, mama mdogo, shangazi au mwanakamati, kuna kupokea wageni mlangoni, kuna kumsindikiza bibi harusi na matarumbeta, kuna utambulisho, ambapo ukoo mzima unapangwa mstari mbele ya ukumbi huku msemaji anawataja mmoja mmoja hadi mjomba wa Rombo. Utambulisho ndio unaoua. Ukicheza damu inazunguka na uzito unahama. Ukisimama palepale dakika 25 juu ya marumaru, kila kasoro ya kiatu inatoa ushahidi. Halafu ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, inaingia, mnaipokea kwa kucheza, halafu zawadi.

Tazama na mahali. Ukumbi wa marumaru unateleza, hasa mtu akimwaga soda karibu na meza ya vinywaji. Bustani yenye nyasi inameza kisigino chembamba. Nimeona msimamizi wa harusi akitoka kwenye kiatu huku kiatu kimebaki kimesimama peke yake kwenye nyasi. Sherehe ya nyumbani Kibosho, Marangu au Old Moshi ni habari nyingine kabisa. Baada ya Kwaresima harusi zinafunguka kwa wingi, na kipindi hicho ndicho masika yanapiga. Kutoka barabarani hadi kwenye turubai ni mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Huko nenda umevaa raba, na viatu vya sherehe viwe mkononi kwenye mfuko.

Hatua ya nne: umbo la kiatu

Baada ya kujua mguu na uwanja, uchaguzi unabaki mdogo, na hiyo ni nafuu. Kwa wengi wenye matatizo niliyotaja, kisigino kinene cha sentimita 3 hadi 4 kinatosha kwa gauni la sare na kinatosha kwa kitenge. Kile kisigino kilichoungana na soli kama kabari ni rafiki wa nyasi na kinagawa uzito vizuri, ila wenye vifundo vinavyoyumba wawe waangalifu, kwa sababu kabari ndefu ikipinduka inapinduka yote.

Mbele pawe duara au pembe butu. Ukitaka ncha kwa ajili ya picha, tafuta ile ambayo ncha inaanzia baada ya vidole kuisha. Mkanda wa kifundoni au wa juu ya unyayo haujawekwa kwa urembo. Kiatu kisicho na mkanda kinashikwa na vidole, vinajikunja usiku mzima ili kisitoke, na kesho yake unashangaa kigimbi kinauma.

Wanaume: nyinyi mna ahueni lakini mnaipoteza kwa moka za ncha ndefu. Kiatu cha ngozi cha kufunga kwa kamba kinakubali mguu unaovimba, moka haikubali. Kiwanda cha Karanga hapahapa Moshi kinatengeneza viatu vya ngozi, na ngozi halisi inajifunza mguu wako. Inatosha.

Hatua ya tano: sokoni

Nenda jioni, kwa sababu ileile ya boksi. Vaa vyote viwili, simama, tembea juu ya sakafu ngumu, usiishie kwenye kipande cha zulia walichokutandikia. Kisha kishike mkononi ukifanyie haya. Kunja: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjikia tu, kikikunjika katikati kama daftari, hakina mfupa ndani. Nyonga kama unakamua nguo: kisikubali sana. Bana ukuta wa nyuma wa kisigino kwa vidole viwili: uwe mgumu, la sivyo kisigino chako kitacheza ndani na kukuchuna. Kiweke mezani ukisukume kidogo pembeni: kikitikisika, kisigino hakikupachikwa sawa. Mwisho ingiza mkono ndani na upapase mishono. Neno la muuzaji “kitatanuka tu mama yangu” lipime kwa kutazama upande wa ndani wa ngozi, mahali ambapo haijafunikwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi kama za jani lililochanwa. Bandia ina kitambaa nyuma yake. Ya kwanza inatanuka kidogo kwa upana. Ya pili haitanuki, inasubiri kupasuka. Urefu hautanuki kwa kiatu chochote.

Mimi ninanunua zaidi mitumba, kwenye masoko ya Memorial au Kiboriloni, na sioni haya kusema. Kwa bei ya kiatu kipya cha plastiki unapata ngozi ya kweli iliyotengenezwa kwa mguu mpana. Lakini kuna mitego miwili. Mmoja ni kwamba kiatu kimeshajifunza mguu wa mtu mwingine. Geuza soli: ikiwa imelika upande mmoja, kitakuvuta upande huo. Tazama ndani, shimo la kidole gumba liko wapi. Likiwa na kina, hilo ni kaburi la mtu mwingine, kidole chako hakitakaa.

Mtego wa pili ndio ulionifedhehesha. Nilinunua viatu vya Kizungu, havijawahi kuvaliwa, soli bado nyeupe. Nikavitunza kwenye boksi lao kabatini kama miaka minne nikisubiri harusi inayostahili. Ilipofika, nilitoka kanisani nikitembea kwenye zulia jekundu, na nyuma yangu mtoto wa dada akasema kwa sauti, “Mama mkubwa, unadondosha keki.” Soli ilikuwa inameguka vipandevipande. Soli nyingi laini na nyepesi zinatengenezwa kwa poliyurethani, na unyevu wa hewa unaivunjavunja polepole hata kiatu kikiwa kimelala kabatini. Tena cha kabatini kinaweza kuharibika bila wewe kujua. Kwa hiyo, bonyeza soli kwa ukucha: ikiacha shimo lisilorudi, au ikinata, au ukiona nyufa ndogo kama za tope lililokauka, rudisha. Na kiatu chako cha miaka mitatu kabatini, kabla ya kukiamini, kitembeze uani dakika kumi.

Mitumba yote isuguliwe ndani kwa maji ya sabuni na brashi, ikauke kabisa mahali penye hewa, na soli ya ndani ibadilishwe. Fangasi za mtu hazina undugu.

Hatua ya sita: fundi

Kiatu kizuri kilichokosea mahali padogo hakitupwi, kinapelekwa kwa fundi viatu, yule wa kando ya barabara mwenye mwavuli na msumari mdomoni. Mwelekeze kwa alama. Mimi napaka lipstiki kwenye nundu, navaa kiatu bila soksi, na doa linabaki ndani, palepale panapogusa.

“Fundi, nundu iko hapa.”

“Nimeiona mama. Acha kiatu, acha na hilo boksi. Njoo kesho jioni.”

Anaingiza umbo la mti, anaongeza kipande cha ngozi mahali pa nundu, anakilaza hivyo usiku kucha. Anaweza pia kukipunguza kisigino, lakini kwa sentimita moja tu au pungufu. Akikata zaidi, ncha ya mbele itanyanyuka na kiatu kitakurudisha nyuma. Anaweza kuongeza tundu kwenye mkanda, kubandika mpira chini usiteleze, na kuweka sponji chini ya kisigino. Sponji iwekwe kwenye viatu vyote viwili, hata kama unaumwa mguu mmoja, usije ukatembea umeinama.

Kuna wanaojaza mfuko maji, wanauingiza kwenye kiatu na kukiweka friza ili barafu ikitanue. Nilifanya mara moja. Gundi iliachia, na samaki wangu wakanukia ngozi.

Hatua ya saba: kizoeshe

Wiki mbili kabla. Siku ya kwanza nusu saa ndani ya nyumba, ukipika au ukikunja nguo, kisha saa moja, kisha mbili. Baada ya kila zoezi vua, tazama ngozi. Wekundu unaoisha ndani ya nusu saa unavumilika. Unaokaa zaidi ya hapo unakuonyesha mahali fundi arudie. Mwenye kisukari asizidishe saa moja siku za mwanzo, na atumie kioo kutazama chini ya unyayo. Zoezi la mwisho lifanye na gauni lenyewe, maana pindo likishakatwa kwa kisigino cha sentimita 8 na wewe unavaa 3, utafagia ukumbi. Fundi nguo aambiwe urefu wa kisigino kabla ya kushika mkasi.

Siku yenyewe

Kata kucha siku mbili kabla, moja kwa moja bila kuzungusha pembe, zisije zikaota ndani ya nyama. Asubuhi bandika plasta ya kitambaa mahali unapojua panachunika, ngozi ikiwa kavu, kabla hapajauma. Ukisubiri lengelenge, umechelewa.

Kwenye mfuko wangu wa chini ya meza kuna simpo yenye kisigino kidogo, rangi ileile ya sare, plasta, soksi moja safi na kitambaa cha kufutia tope. Navaa kiatu cha kwanza kuanzia kuingia hadi utambulisho uishe. Chakula kikianza kugawiwa nabadilisha, na cha kwanza hakirudi tena mguuni hata akina dada wakinisihi, kwa sababu mguu ulioachiwa unavimba na kukirudisha ni kujitafutia lengelenge. Nikikaa nazungusha vifundo, nanyanyua visigino mara kumi, hakuna anayeona. Lengelenge likishatoka usilipasue, lifunike. Mwenye kisukari aende chooni katikati ya sherehe avue na atazame, halafu atazame tena nyumbani kabla ya kulala, hata kama ni saa nane usiku na macho yamekuwa mazito.

Viatu usivirudishe kwenye boksi usiku huo. Vina jasho la saa saba. Visimamishe dirishani, jaza gazeti ndani, na lile boksi la unyayo wako likunje ulitie kwenye pochi, maana kadi ya mchango wa harusi nyingine iko njiani.